Video ya Umutesi na Sanduku la Florent

Mtaani Majengo hakuna aliyemwita Emerance kwa jina lake. Aliitwa Mama Umutesi tangu siku alipozaa, na volkano ilipompokonya mtoto, watu hawakujua waliache jina hilo au waendelee nalo. Kumrudishia jina la usichana kungekuwa kumwambia usoni kwamba mtoto hayupo tena. Kuendelea na lile lingine kulikuwa kumchoma kila asubuhi. Wakachagua kumchoma, naye akaitika.

Kazi yake ilikuwa kuchaji simu za watu. Alikuwa na kibanda cha mbao kilichosimama juu ya mawe meusi ya volkano ya zamani, paneli za jua juu ya bati, betri mbili chini ya meza, na nyaya zilizosukwa hata mwenyewe alizichanganya. Umeme Goma huja kama mgeni wa kifalme, anapotaka na kwa muda anaoutaka, kwa hiyo mtu hukuachia simu asubuhi akaja kuichukua baadaye. Kwa wale waliopenda kusubiri, Emerance alikuwa na sanduku: kompyuta ndogo ndani ya kasha la plastiki, iliyotoa wifi ya hapohapo kibandani bila kuhitaji intaneti. Mteja alifungua simu yake akatazama filamu, kwaya, na vichekesho vya Kinshasa. Vibanda vingi vya mji vilikuwa na masanduku kama hilo, kila kimoja na mambo yake, na kila mwenye kibanda alijiona waziri wa habari wa mtaa wake.

Jumamosi ile ya Mei 2021 volkano ilipopasuka, Umutesi alikuwa Kibati kwa nyanya yake, mama wa marehemu mume wa Emerance. Alikuwa na miaka minne. Lava ilishuka ikakata barabara ya Rutshuru, ikawaacha mtoto upande mmoja na mama upande wa pili. Emerance alipopata njia ya kuzunguka, mawe yakiwa bado yanafuka, alikuta nyumba imemezwa yote, hata migomba ya uani. Nyanya alikutwa kwenye shamba la maharagwe, amekufa kwa moshi. Mtoto hakuonekana. Jirani mmoja alisema alimwona ameshikwa mkono na mwanamke, wameingia katika umati uliokuwa ukikimbia kuelekea Rutshuru, mguu niponye.

"Mwanamuke wa namna gani?" Emerance aliuliza.

"Mama wa shamba tu. Alikuwa amevaa kitenge."

Kama kuna mwanamke Kivu ya Kaskazini asiyekuwa na kitenge, Emerance hajakutana naye hadi leo.

Watoto waliopotea wiki ile walikuwa wengi. Mashirika yaliandika majina, lakini mtoto wa miaka minne anajua nini zaidi ya jina lake la kuitiwa uji? Emerance aliona jina peke yake halitamsaidia. Aliketi juu ya kigoda mbele ya kibanda, akamwambia mteja amshikie simu, akasema: "Mimi ni Emerance wa Majengo. Natafuta mutoto wangu Umutesi. Mwenye kumuona, anirudishie, tafazali. Umutesi, kama unaniona, mama yako njo huyu." Kisha akaunganisha na kipande alichopiga siku ya Pasaka, Umutesi akicheza mbele ya kanisa, gauni la njano limempwaya hadi vidole vya miguu. Akaiweka video hiyo kwenye sanduku lake. Kufika mwisho wa wiki, wazazi wengine walikuwa wamejipanga kibandani, kila mmoja akitaka kupigwa ya kwake.

Lakini sanduku la Majengo lilionwa na watu wa Majengo tu. Hapo Emerance akakumbuka mambo ya kwao. Baba yake, Muzee Munyakazi, alikuwa mfugaji wa vilima vya Masisi, na hakuwahi kuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huyu alikuwa kwa rafiki ng'ambo ya kilima, yule kwa shemeji, wengine kwa watu aliosali nao. Kwa Kinyarwanda huitwa kuragiza: unampa mwenzako ng'ombe akuchungie, maziwa anakunywa yeye, na ng'ombe anabaki wako. Wezi wakija usiku au ugonjwa ukiingia, hupotezi vyote. Mpango huo una adabu yake, na Muzee Munyakazi aliishika kama amri ya kanisani. Ukishamkabidhi mtu ng'ombe, huendi kuchungulia zizini kwake. Kwenda kukagua ni kumwita mwizi. Unasubiri akuletee habari mwenyewe. Aliwahi kuvunja urafiki wa miaka mingi na mtu aliyekuja eti kusalimia huku macho yake yakitembea zizini.

Emerance aliwaendea wenye vibanda akawaambia: weka video zangu, na mimi niweke zako. Walikubali. Madereva wa teksi-basi za Rutshuru walibeba flash zenye video mifukoni, wapiga pikipiki wakapeleka nyingine Kituku, ambako wauza samaki walitazama wakisubiri mitumbwi. Kule Rutshuru zilipokelewa na Hategekimana, mtu mbishi mwenye kibanda karibu na stendi. Hakukuwa na mkubwa wala mdogo. Anayetaka kuingia aliingia, anayetaka kutoka alitoka na sanduku lake. Na mambo yalikwenda! Mtoto wa Buhene alitambuliwa Kituku na mama wa dagaa. Wawili wa nyumba moja walipatikana Rutshuru. Kila mtoto aliporudi, Emerance alicheza na mama mwenye bahati, akapiga vigelegele, kisha akaingia kibandani akafunga mlango. Aliwaonea wivu, na aliwahi kulisema hilo wazi kwa padri.

Hapo ndipo Florent anapoingia, na ingekuwa rahisi kumsimulia kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa kijana mpole aliyesomea mambo ya kompyuta, mwenye saiba, duka la intaneti, karibu na soko la Virunga, mwenye jenereta, paneli nyingi, na sahani ya setilaiti juu ya paa. Masanduku ya wenzake yaliharibika kila mara kwa vumbi na joto, naye ndiye aliyeyatengeneza bila kudai chochote. Siku moja aliwaita wote kwenye ua wa parokia.

"Muko najisumbua bure," aliwaambia. "Leteni video zote kwangu. Sanduku yangu ni kubwa, na koneksio iko. Zenu nitaziunga na intaneti, zitakuwa zinavuta kwangu. Mutu akitafuta mutoto, anaandika jina tu, inatoka. Hakuna tena mambo ya kupeana flash na madereva."

Aliyesimama wa kwanza kukubali alikuwa Emerance. Alimsifu Florent mbele ya watu, akawatania wenzake waliosita kwamba wanaogopa maendeleo. Kichwani mwake hesabu ilikuwa nyepesi: amempata mchungaji mwenye zizi zuri. Hakuona kwamba wote walikuwa wanampa mchungaji huyohuyo, na kwamba baba yake asingefanya hivyo hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Mwanzoni ilikuwa raha. Unaandika "Kituku", video za Kituku zinakuja. Unaandika "gauni ya njano", Umutesi anatokea anacheza. Kisha masanduku ya vibanda yakaanza kujaa, Florent akabadilisha mtambo: kuanzia sasa masanduku yao hayatahifadhi kitu, yataonyesha tu kilichoko kwake. Alifuta ya zamani yote ili wapate nafasi na mwendo, na alimwomba kila mtu ruhusa kabla ya kufuta. Emerance alitoa ruhusa. Alitamani kuuliza kama video ya Umutesi imehifadhiwa vizuri, mara moja tu, kwa macho yake, ndani ya mashine kubwa. Lakini angeulizaje? Angekuwa yule mtu aliyekuja kusalimia huku macho yakitembea. Akajitia hamnazo.

Baadaye kukaja matangazo ya biashara mbele ya kila video. Wenzake walinung'unika, Emerance akamtetea: anayechunga ndiye anayekunywa maziwa. Baadaye tena Florent akasema watu wanaleta uongo na matusi, kwa hiyo kila video mpya ipitie mikononi mwake kwanza. Hilo nalo lilikuwa na maana, kwa sababu uongo ulikuwepo kweli. Mwishowe zile zinazotazamwa sana zikawekwa mbele, na zile za watoto waliopotea zikasogezwa nyuma, kwa sababu nani hutazama mama anayelia mara mbili? Kila hatua ilikuwa na sababu yake nzuri. Hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusimama akasema: leo tumenyang'anywa.

Ni Hategekimana peke yake aliyepiga teke. Alipiga simu kutoka Rutshuru, akamwambia Emerance anatoka na sanduku lake kama walivyopatana mwanzoni. Akatoka. Kufumba na kufumbua kibanda chake kikawa kitupu, wateja wakahamia kwa jirani ambako mpira na kwaya mpya za Florent zilionekana. Akavumilia, akatukana, kisha akarudi shingo upande kuomba aunganishwe tena. Florent alimpokea kwa upole wake uleule na hakumsimanga hata kidogo. Mlango wa kutoka ulikuwa wazi, ila nje hapakuwa na mtu.

Waasi walipochukua barabara ya Rutshuru mwaka 2022, Hategekimana alikimbia na familia yake na habari zake zikakatika. Kibati ikajaa mahema ya wakimbizi. Emerance alichaji simu zao, na kila mama aliyetoka kaskazini alimwuliza kuhusu msichana anayeitwa Umutesi. Walitikisa vichwa. Alijipiga moyo konde kwamba video ipo, inatembea upande ule ambao yeye hawezi kwenda, inamsemea. Kitu hicho kimoja ndicho kilichomfanya aamke asubuhi akafungue kibanda.

Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe. Risasi zilipotulia, kibanda cha Majengo kilikuwa kimevunjwa, betri zimekwenda, sanduku limekwenda. Waasi ndio waliokuwa wakubwa wapya katika ofisi zote. Emerance aliazima simu, akatembea hadi kwenye wifi ya kibanda kilichosalimika, akaandika jina la mwanawe. Hakuna kilichotoka. Akaandika "volkano". Hakuna. Akaandika "Kibati", zikatoka kwaya mbili.

Alimkuta Florent saiba, anafagia vioo.

"Mama Umutesi, ikala kwanza," alisema akimsogezea kiti.

"Video iko wapi?"

"Nilitosha zote, nikazifuta. Za vita, za wakimbizi, za batoto, zote zenye vilio. Niliacha tu za furaha."

"Nani alikutuma?"

Florent aliweka ufagio chini. "Hakuna mutu. Hakuna hata mumoja alikuja hapa. Nilijiogopea mwenyewe. Nilisema, bakikuta mambo ile bataniuliza nani aliipiga, na juu ya nini."

"Na kopi?"

"Kopi gani, mama? Ilikuwa mu diski. Niliitupa mu ziwa, kule Kituku." Akafuta macho kwa kiganja. "Nilizania muko na zenu mu simu."

Emerance hakumpiga, ingawa mkono ulimwasha. Simu iliyopiga kipande cha Pasaka ilikuwa imeibwa mtaani Birere zamani. Sanduku lake lilikuwa limefutwa kwa ruhusa yake mwenyewe, kisha likaporwa. La Rutshuru, la Kibati, la Kituku, yote yalikuwa madirisha ya nyumba moja, na mwenye nyumba alikuwa amezima taa. Kidole kimoja cha mtu mwoga kilitosha. Emerance alirudi baada ya siku chache na video mpya, ameketi palepale juu ya mawe, anasema maneno yaleyale bila yule mtoto anayecheza mwishoni. Florent aliipokea kwa mikono miwili.

"Nitaiweka," alisema. "Tungoje kwanza mambo itulie."

Februari ikapita mambo hayajatulia, Machi nayo vilevile. Kila alipopita kuuliza, Florent alimpa kiti na chai. Wenzake wa vibanda walimwonea huruma, lakini hakuna aliyejua tena jinsi ya kuweka video kwenye sanduku lake mwenyewe. Walikuwa wameisahau kazi hiyo.

Barabara ya kaskazini ilikuwa imefunguka, kwani sasa pande zote mbili zilikuwa chini ya watu walewale. Juni, Emerance alipanda basi kwenda Rutshuru, roho juu juu, akiwa na wazo moja: labda Hategekimana, kwa ubishi wake, aliacha flash yoyote ndani ya kibanda. Alikikuta kibanda karibu na stendi. Ndani alikuwepo mwanamke mgeni aitwaye Apolline, aliyekimbia vita kutoka Masisi akakuta mlango hauna mwenyewe, akafagia na kuanza kazi.

"Hapa hatukukuta flash, mama," Apolline alisema. "Tulikuta panya na hii sanduku tu. Unatafuta nini?"

"Video ya mutoto wangu. Alipotea siku ya volkano. Umutesi."

Apolline aliacha nyaya alizokuwa anazifungua. "Umutesi wa Kibati?"

Emerance alishika nguzo ya mlango.

"Kulikuja mama moja hapa, mwezi wa tatu," Apolline akasema polepole. "Anaitwa Nyiransengimana. Mama wa shamba, wa kule juu milimani. Alikuwa na mutoto mwanamuke, kama miaka minane. Alisema alimuokota Kibati mu ile mbio, analia peke yake. Sasa alitaka kuvuka Bunagana, kuingia Uganda, lakini mbele ya kuvuka alitaka kujua kama mutoto iko na mutu. Alisikia zamani hapa kulikuwa video za bamama benye kutafuta batoto."

"Mutoto alisema nini?"

"Alijua jina yake tu. Na kusema mama yake anakulishaka simu."

Emerance akaketi chini palepale, juu ya kizingiti. Umutesi alikuwa akimtazama mama yake akichomeka nyaya, akauliza simu zinakula nini, naye akamjibu zinakula jua. Hakuna mtoto mwingine duniani aliyesema hivyo.

"Sasa juu ya nini yule mama hakuja mbele? Miaka yote!"

"Nilimuuliza. Alilia. Alisema alimupenda, kila mwaka alikuwa anasema mwaka kesho." Apolline alikaa kando yake. "Nilitafuta, mama, Mungu anaona. Niliandika Umutesi, niliandika Kibati, niliandika volkano. Hii sanduku inaonyesha tu bile Florent wa Goma anaweka. Nilibaambia hakuna mutu anamutafuta."

Watu walipita stendi wakiita abiria wa Goma.

"Yule mama alikubali," Apolline akaendelea, "lakini mutoto alikataa kutoka. Alisema nimuonyeshe batu bote. Kulikuwa harusi ya Florent, ile ya Desemba, njo iko mbele siku zote. Nilimufungulia mu simu yangu. Aliangalia bamama, sura moja moja, mupaka mwisho. Kisha bakaenda, habakuacha namba."

"Nionyeshe."

Apolline alifungua simu yake. Wenye vibanda wote walikuwa wamealikwa kwenye harusi ile, na wanawake walisaidia kugawa chakula, kwa sababu Florent alikuwa mtu wao. Ngoma zinalia, wazee wanasimama kusema. Halafu, nyuma ya meza ya maharusi, anapita mwanamke wa kitenge na kilemba kama wenzake, sinia begani, amemgeukia mtu na kucheka kwa kinywa wazi, kisha bega la mgeni linamfunika. Emerance hakukumbuka kwamba aliwahi kucheka siku ile.

"Huyu njo mimi," alisema.

Apolline alitazama kioo, akamtazama yeye, akarudisha video nyuma akatazama tena.

"Mutoto alifika hapa, akakuangalia," akasema. "Hakunisimamisha."